Ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksidi: somo la kuchagua, kuunganisha na kutunza kwa wakazi wa Mowlem

Majumba mengi ya kupanga katika Wadi ya Mowlem yanafanana. Chini kuna duka, kinyozi au kibanda cha chipsi, juu kuna vyumba na bedsita, na katikati kuna ngazi moja inayotumiwa na wote. Madirisha yana grili, na usiku lango la chini hufungwa kwa kufuli. Mpangilio huu huzuia wezi, lakini una hatari yake. Moto ukianza dukani saa nane za usiku, moshi hupanda kwa ngazi ile ile ambayo mpangaji wa ghorofa ya tano anaitegemea kutokea. Akija kushtuka kwa kukohoa, huenda njia imekwisha kuzibwa na moshi.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kuzima moto na kukabili majanga. Hata hivyo, gari la zimamoto haling'oi kabla ya mtu kupiga simu, na aliyelala hawezi kupiga simu. Pua nayo haitegemeki usingizini. Kazi ya king'ora ni kumwamsha mtu wakati bado kuna dakika za kutoka.

Takwimu za miaka mingi za NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, zinaonyesha kwamba katika nyumba zenye king'ora cha moshi kinachofanya kazi, vifo kwa kila visa 1,000 vya moto ni pungufu kwa takriban asilimia 60 kuliko katika nyumba zisizo na king'ora au zenye king'ora kibovu. Neno la kuzingatia hapo ni "kinachofanya kazi". King'ora kilichotolewa betri ili ziwekwe kwenye rimoti hakimwamshi mtu.

Somo hili linaeleza aina za ving'ora, maana ya kuviunganisha, mahali pa kuviweka, na jinsi wapangaji na wenye nyumba wanavyoweza kugawana mzigo.

HATARI MBILI, VIFAA VIWILI

Watu wengi hudhani king'ora kimoja kinatosha kwa kila hatari. Sivyo. Moshi na kaboni monoksidi ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja kina kihisi chake.

Moshi ni chembechembe ndogo zinazoelea hewani. Huonekana, hunuka na huwasha macho. Kaboni monoksidi ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, na hutokea pale makaa, kuni, mafuta taa, petroli au gesi ya kupikia inapoungua bila hewa ya kutosha. Ikivutwa, huingia katika damu na kushika himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hukosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Hapa ndipo jiko la makaa linapohadaa watu. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, kwa hiyo mtu huona jiko limekuwa salama na kuliingiza ndani, hasa katika baridi ya Juni hadi Agosti, au ili maharagwe yaive polepole usiku. Wakati huo huo gesi inaendelea kutoka. King'ora cha moshi kilicho darini kinaweza kukaa kimya chumba kizima kikijaa kaboni monoksidi, kwa sababu hakuna moshi wa kukigusa.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani ni malaria au homa. Dalili ya kutiliwa maanani ni hii: watu wote wa chumba kimoja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje. Watoto, wajawazito na wenye magonjwa ya moyo au mapafu huathirika haraka zaidi.

Iko hatari ya tatu ambayo wengi huichanganya na hizo mbili: gesi ya mtungi inayovuja. Mlipuko wa Mradi, Embakasi, wa usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulioua watu na kujeruhi mamia, ulitokana na gesi ya aina hiyo. Gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili ivujapo watu wanuse, tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutanda sakafuni. King'ora cha moshi hakiitambui, na cha kaboni monoksidi vilevile. Anayetaka kujikinga nayo hununua kitambuzi cha gesi ya kupikia, na hukiweka chini karibu na sakafu.

AINA ZA VING'ORA VYA MOSHI NA JOTO

King'ora cha mwanga hutumia miale ndani ya chemba ndogo. Moshi ukiingia, miale hutawanyika na king'ora hulia. Hufanya vyema kwa moto unaofukuta polepole, kama godoro lililoshikwa na cheche au waya wa ekstensheni uliozidiwa mzigo nyuma ya kochi. Aina hii haisumbuki sana na mvuke na moshi mdogo wa mapishi.

King'ora cha ayoni huwahi kutambua moto wa miali mikali, kama ule wa karatasi au mafuta taa, lakini huchelewa kwa moto wa kufukuta. Pia hulia ovyo mtu akikaanga vitunguu, na king'ora kinacholia kila siku wakati wa chapati huishia kutolewa betri.

King'ora cha joto hakijali moshi. Hulia joto la hewa likifika karibu nyuzi 60 za Selsiasi, au likipanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Kinafaa jikoni. Hakifai kuwa kinga pekee ya chumba cha kulala, kwa sababu moshi humwathiri mtu kabla joto halijapanda.

Kwa bedsita nyingi za Mowlem, ambamo kitanda na meko viko chumba kimoja, chaguo zuri ni king'ora cha mwanga chenye kitufe cha kunyamazisha kwa muda. Mpishi hubonyeza kitufe badala ya kung'oa betri, na baada ya dakika chache kifaa hurudi kazini chenyewe.

KING'ORA CHA KABONI MONOKSIDI

Kifaa hiki hupima kiasi cha gesi kwa sehemu katika kila sehemu milioni moja za hewa. Mkazi anapaswa kujua kwamba hakilii papo hapo gesi inapotokea. Kimewekewa muda kwa kupima kiasi na mfululizo wa gesi. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, king'ora hulia kati ya dakika 60 na 90 gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni; kati ya dakika 10 na 40 ikiwa sehemu 100; na ndani ya dakika 3 ikifika sehemu 300. Kwa hiyo kimya cha king'ora si ruhusa ya kuingiza jiko la makaa chumbani. Kifaa hiki ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni jiko kukaa nje.

Imani mbili zinafaa kuachwa. Sufuria ya maji kando ya jiko haiondoi gesi hii hewani. Maziwa nayo hayaitoi katika damu. Kinachosaidia ni hewa safi, na hospitalini, oksijeni.

Hata anayepikia gesi au umeme anaweza kukihitaji kifaa hiki. Gesi huweza kupenya kutoka kwa jirani kupitia mwanya wa mlango au tundu la hewa, na jenereta inayonguruma chini ya ngazi wakati stima imepotea hupeleka gesi juu.

MAANA YA KUUNGANISHA

Ving'ora vilivyounganishwa huambiana. Kimoja kikigundua hatari, vyote hulia. Katika nyumba yenye milango iliyofungwa, sauti ya king'ora cha jikoni inaweza isimfikie aliyelala chumba cha mwisho huku redio ya jirani ikivuma. Kikilia cha karibu na kitanda chake, anaamka.

Uskoti imeufanya muungano huu kuwa sheria. Tangu tarehe 1 Februari 2022, kila nyumba huko inatakiwa kuwa na king'ora cha moshi sebuleni, kimoja katika kila ukumbi au kituo cha ngazi, na cha joto jikoni, vyote vikiwa vimeunganishwa. Panapotumika kifaa cha kuchoma fueli, huongezwa cha kaboni monoksidi. Sheria hiyo ilifuata moto wa jumba la Grenfell, London, wa tarehe 14 Juni 2017, ulioua watu 72.

Kuna njia mbili kuu za kuunganisha.

Ya kwanza ni kwa waya. Ving'ora hutumia umeme wa nyumba na huunganishwa kwa waya unaopita ndani ya kuta au dari. Njia hii ni imara na inafaa jumba linapojengwa au kukarabatiwa. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, na kila kifaa kiwe na betri ya akiba, kwa sababu stima hupotea na tokeni huisha.

Ya pili ni kwa mawimbi ya redio. Kila king'ora kina betri yake na hutuma ishara kwa vingine bila waya. Ukuta hautobolewi kwa nyaya, hivyo njia hii humfaa mpangaji ambaye kesho anaweza kuhama na vifaa vyake. Mambo matatu yakumbukwe. Vifaa vya kampuni moja kwa kawaida havielewani na vya kampuni nyingine. Idadi ya vifaa vinavyoweza kuunganishwa ina kikomo, kilichoandikwa katika kijitabu chake. Na sakafu za zege hupunguza nguvu ya mawimbi. Umbali uliotajwa kwenye boksi hupimwa mahali wazi, si katika jumba la ghorofa sita.

Vipo pia ving'ora vinavyotuma ujumbe kwa simu kupitia Wi-Fi. Ni msaada kwa aliye kazini, lakini stima ikipotea, ruta huzima na ujumbe haufiki. Kifaa cha aina hiyo kiwe kinaweza kulia na kuwasiliana na vingine bila intaneti.

JUMBA LA WAPANGAJI WENGI

Hapa ndipo penye ugumu. Mpangaji anaweza kununua king'ora chake na bado asisikie moto ulioanza ghorofa mbili chini yake, mpaka moshi uingie kwake. Wakati huo ngazi haipitiki. Pesa zake zimemlinda na moto wa chumba chake tu.

Jawabu rahisi lingeonekana kuwa kuunganisha ving'ora vya vyumba vyote. Lakini fikiria jumba la vyumba 24. Chapati ikiungua chumba cha 3, vyumba 24 vinaamka. Yakitokea hayo mara tatu kwa wiki, watu watavitoa betri, na siku ya moto wa kweli hakuna atakayetoka.

Mpango unaofaa zaidi hugawanya kazi mara mbili. Ndani ya kila chumba kuna king'ora cha moshi kinachojitegemea, kinachomwamsha mwenye chumba peke yake. Kwenye ngazi na korido za kila ghorofa kuna ving'ora vilivyounganishwa, vinavyoamsha jumba zima. Uwezo ukiruhusu, king'ora cha joto huwekwa ndani ya kila chumba, karibu na mlango, na kuunganishwa na vya ngazi. Moshi wa chapati hautakichokoza, lakini moto mkubwa utawaamsha wote. Duka la chini lisisahauliwe. Liwe na king'ora kilichounganishwa na ngazi, kwa kuwa usiku halina mtu wa kuuona moto.

Kwa mpango huo, mpangaji hununua cha ndani, na mwenye nyumba hununua vya ngazi na vya joto. Ngazi ni mali yake na usalama wake ni wajibu wake. Wapangaji wakizungumza naye wakiwa pamoja, wakiwa na orodha ya vifaa na bei zilizoulizwa madukani, husikilizwa kuliko mmoja akilalamika peke yake. Keyateka naye apewe kazi iliyo wazi: kupima vifaa kila mwezi na kuandika tarehe.

King'ora peke yake hakimtoi mtu nje. Katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, usiku wa tarehe 26 Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa katika bweni lililokuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli na madirisha yenye vyuma. Kabla ya kununua king'ora, kila nyumba ijue ufunguo wa mlango uko wapi gizani. Grili moja angalau iwe inafunguka kwa ndani, na lango la chini liwe na ufunguo kwa zaidi ya mtu mmoja. Ngazi zisiwekwe pikipiki, magodoro wala magunia ya makaa.

MAHALI PA KUWEKA

King'ora cha moshi huwekwa darini, karibu na katikati ya chumba, angalau sentimita 30 kutoka ukutani. Pembe kati ya dari na ukuta ziepukwe, kwani moshi huchelewa kufika huko. Kikae mita 3 au zaidi kutoka jikoni inapowezekana. Katika bedsita ambako mita hizo hazipatikani, kiwekwe mbali na meko kadiri chumba kinavyoruhusu, upande wa kitanda. Kisikae karibu na dirisha, feni au mlango wa bafu.

King'ora cha kaboni monoksidi ni tofauti. Gesi hii ina uzito unaokaribiana na wa hewa na huchanganyika nayo chumbani. Kifaa kiwekwe karibu na kitanda, kwenye kimo cha kichwa cha anayelala au kama kijitabu kinavyoelekeza, na kiwe kati ya mita 1 na 3 kutoka kwa kifaa kinachochoma fueli. Kisifichwe nyuma ya pazia au kabati.

DUKANI

Mnunuzi akague mambo haya kabla ya kulipa:

1. Nambari ya kiwango imeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kwa moshi ni EN 14604 au UL 217. Kwa kaboni monoksidi ni EN 50291 au UL 2034.
2. Alama ya ubora ya KEBS ipo.
3. Tarehe ya kutengenezwa au ya kubadilishwa imechapwa nyuma. King'ora cha moshi hudumu miaka 10, cha kaboni monoksidi kati ya miaka 5 na 10. Kilichokaa rafuni miaka minne kimeshapoteza sehemu ya maisha yake.
4. Betri ni ya aina gani. Betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, ya miaka 10, bei yake ni juu, lakini haitolewi kwenda kwenye rimoti.
5. Kama ni cha umeme, kiwe cha volti 240. Vya soko la Marekani ni vya volti 120 na havifai kwa umeme wa Kenya.
6. Kama ni cha kuunganishwa, boksi liseme hivyo waziwazi na litaje vifaa kinavyoelewana navyo.

Kifaa kisicho na nambari ya kiwango wala tarehe kiachwe, hata kikiwa cha bei ya chini. Kitamfanya mtu alale akiamini ana kinga asiyokuwa nayo.

Mwenye uwezo wa kununua kimoja tu aanze na king'ora cha moshi cha aina ya mwanga, na jiko la makaa alitoe nje kabisa. Pesa zikipatikana, aongeze cha kaboni monoksidi. Vipo pia vifaa vinavyofanya kazi zote mbili. Hivyo vikaguliwe kama vina nambari za viwango vyote viwili.

KUTUNZA

Kitufe cha kupimia kibonyezwe kila mwezi. Kwa vilivyounganishwa, kibonyezwe cha mbali zaidi huku mtu mwingine akisikiliza kama vyote vinalia. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu. Lile la barabara linatosha kuziba chemba. Wakati wa kupaka rangi, kifaa kifunikwe kisha kifunuliwe siku hiyo hiyo. Mlio mfupi unaojirudia kila baada ya muda kwa kawaida ni betri kuisha, na dawa yake ni betri mpya.

KINAPOLIA

Kikilia cha moshi, watu watoke mara moja. Kabla ya kufungua mlango, wauguse kwa nyuma ya mkono. Ukiwa wa moto, usifunguliwe. Nguo zenye maji zizibe mwanya wa chini na msaada uitwe kupitia dirishani. Penye moshi, mtu atembee ameinama, na afunge mlango nyuma yake bila kuutia kufuli.

Kikilia cha kaboni monoksidi, wote watoke nje wakiacha mlango wazi, wahesabiane, na mtu asirudi kuchukua jiko wala simu. Anayeumwa na kichwa au aliyezirai apelekwe hospitalini, na daktari aelezwe kwamba kulikuwa na jiko au jenereta, ili asitibiwe malaria peke yake.

Nambari za dharura ni 999 au 112. Anayepiga ataje mtaa, jina la jumba, ghorofa na alama ya karibu kama vile kituo cha matatu, kanisa au shule.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA MIKUTANO YA WAPANGAJI

1. Moto ukianza katika duka la chini usiku wa leo, nani atajua kwanza, na wengine watajuaje?
2. Ufunguo wa lango la chini uko kwa watu wangapi, na wanalala wapi?
3. Ni vyumba vingapi katika jumba vinavyoingiza jiko la makaa ndani wakati wa baridi, na makaa hayo yangeweza kuwekwa wapi?
4. Ngazi zinahitaji ving'ora vingapi, na nani atakutana na mwenye nyumba kabla ya mwisho wa mwezi?